Breki Nyekundu, Tairi Vipara

Wako mabwana katika mji wetu wa Dar es Salaam ambao, baada ya kutafakari sana juu ya usalama wa nafsi zao na afya ya mifuko yao, wamekata shauri kwamba kumlipa fundi ni israfu, na kwamba breki za mbele, ambazo ndizo zibebazo sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha gari, zaweza kukuzwa uani siku ya Jumapili. Hushuka mtaa wa Gerezani, wakanunua diski na kalipa za mtumba zilizotoka katika gari kubwa zaidi la ukoo uleule, wakazipaka rangi nyekundu kwa uangalifu wa mpaka hina wa bibi arusi, kisha alasiri wakabaini kuwa rimu haziingii.

Yule ambaye rimu zake zimeridhia humimina mafuta ya breki yaliyokaa kabatini tangu mwaka juzi, chupa ikiwa wazi, ilhali mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, hata yale ya DOT 4, yasiyotakiwa kuchemka chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, kikomo chao kikashuka hadi 155 yakishalowa. Na yakichemka mteremkoni, pedali huzama hadi sakafuni.

Sisi hatuna inda na rangi nyekundu. Twamnasihi tu bwana huyo, kabla hajatupitia kwa majivuno, azitazame tairi zake vipara: kalipa husimamisha gurudumu, lakini tairi ndiyo isimamishayo gari.