Iksora Imeninyang'anya Ndoo

Jamani, mimi nimemkosea nani? Mama watoto kaona iksora kwa jirani. Zile fupi, hata kiunoni hazifiki, maua mekundu yamejikusanya mashada, majani kijani masika na kiangazi. Basi. Amani ikatoka ndani. Chai inaletwa imepoa. Ugali unaletwa bila mboga. Nikasema yaishe.

Nikaenda kwa vijana wanaouza miche barabarani. Kijana kaniangalia viatu, kapandisha bei. Sijui viatu vyangu vina nini. Nikalipa. Nikaipanga mstari kando ya ukuta mpya, palepale mafundi walipomwaga mabaki ya lipu. Sasa ningepanda wapi? Uani kwingine kugumu, jembe linadunda.

Ikaanza kuwa njano. Na si njano ya kueleweka, jani njano, mishipa kijani, kama jezi ya Yanga iliyofuliwa na jiki. Nikasema njaa hii, nikaimwagia samadi. Njano. Nikasema kiu, nikafungulia bomba mpaka bili ikaja nikaificha chini ya godoro. Njano! Nikasema basi ni kiburi, nikashika panga, nikainyoa juu para. Hata yale maua mawili matatu yakakata. Eti iksora hutoa maua nchani mwa matawi. Nani kaniambia? Mche umekuja na cheti?

Akapita mzee wetu mmoja, bwana shamba mstaafu. Kasimama. Kacheka. Kaita wenzake genge zima waje waone.

"Mwanangu, huu mmea kwao India ya kusini na Sri Lanka. Unataka udongo wenye asidi. Wewe umeuzika kwenye saruji. Ile chokaa inafunga madini ya chuma, mizizi haiyapati."

Chuma? Si angesema mapema! Nikakimbilia ndani, nikarudi na misumari ya inchi nne. Ikabidi mzee aketi chini. Muuza genge nyanya zikamponyoka. Mimi nimesimama na misumari mkononi, sielewi kinachochekesha.

Dawa, kumbe, ni kuing'oa pale na kuiweka kwenye chombo, udongo mpya, mboji ya kutosha, jua la kutosha. Chombo hatuna. Mama watoto kazunguka nyumba nzima akitafuta, macho yakatua bafuni. Ndoo yangu ya kuogea. Kaitoboa matundu chini huku naangalia, ina sabuni bado.

Siku hizi naoga kwa jagi.