Kiyoyozi na Hita

Tarime, jamani, iko juu milimani. Asubuhi ya Julai mama muuza uji anavaa sweta na juu yake anajitanda khanga mbili. Sasa ingia ofisi moja hapo mjini, siitaji: kiyoyozi kiko nyuzi 16, bosi kajifunga koti zito, na chini ya meza yake hita inawaka. Viwili hivyo vinapigana mieleka kutwa, mita ya LUKU ndiyo inayotoka jasho. Nyumbani kwake bosi hathubutu. Huko anajua maana ya Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mtoto akisahau kuzima taa ya choo, mtaa mzima unasikia. Ofisini anayelipa ni “serikali”, shemeji asiyechoka kutoa.

Ukutani kuna tangazo la rangi: ZIMA TAA UTOKAPO. Limebandikwa juu ya swichi, na swichi yenyewe haionekani tena.

Juzi wakubwa wa ofisi hiyo wakaenda Mugumu, kule Serengeti, semina ya kubana matumizi ya umeme. Magari matatu, kila moja na mheshimiwa wake mmoja. Madereva walibaki uani, injini zikinguruma hadi saa kumi, wakubwa wasije wakakuta viti vya moto.