Mdomo wa Sokai: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Uvuvi ya Alaska

Waheshimiwa wajumbe saba,

Kwanza pongezi. Waswahili tumesema tangu zamani kwamba mdomo uliponza kichwa, ila hatukuwahi kuifanya methali hiyo kuwa kanuni ya serikali. Ninyi mmeweza. Katika maji ya Alaska yasiyo na chumvi ni kosa kumnasa samaki kwa makusudi popote nje ya mdomo wake, na aliyenaswa kwa bahati mbaya ubavuni au mkiani sharti aachiwe papo hapo. Wa mdomoni huenda kikaangoni. Mantiki yake ni ya kiungwana: aliyefumbua mdomo amekitaka chambo mwenyewe, aliyechomwa ubavuni ameonewa.

Kinachoharibu uungwana huo ni salmoni mwekundu, yaani sokai, anayewapanga wavuvi bega kwa bega kando ya mito ya Kenai na Russian kila kiangazi. Baharini huyu huishi zaidi kwa kuchuja planktoni, na akishapanda mtoni kwenda kutaga huacha kula. Chambo hakimshughulishi. Basi mvuvi hufunga chubwi na kuuacha ugwe usombwe na mkondo ukikingama njia ya samaki. Ugwe hupita kwenye mdomo ulio wazi, huteleza, mpaka ndoano ichome taya kutokea nje. Samaki hakuuma kitu. Hata hivyo ndoano iko mdomoni, kwa hiyo kanuni inamhesabu kuwa aliridhia. Jirani yake aliyepatwa pezini na ugwe wa namna ile ile, wa mvuvi mwenye nia ile ile, anarudishwa majini. Neno lililoandikwa ni “makusudi”. Kinachopimwa ni bahati.

Mtanijibu kwamba askari wa wanyamapori aliyesimama ukingoni haoni moyo wa mvuvi, huona ndoano tu. Ni jibu zuri, nami nalikubali, mradi tusiendelee kuiita nia. Maana nia yenyewe, kwenu, huyeyuka kwenye chumvi: Resurrection Bay, mbele ya mji wa Seward, sokai huyo huyo hunaswa ubavuni kwa makusudi na kuliwa bila kosa. Na kwenye mlango wa Kenai, kuanzia Julai 10 hadi 31, mkazi wa Alaska huingia majini na wavu wa mpini mrefu akachota samaki 25 kwa mkuu wa kaya na 10 kwa kila mwanakaya mwingine. Hapo mdomo unaoangaliwa ni wa mto peke yake.

Hofu yenu nyingine ina uzito zaidi: kanuni ikilegea, watu watakuja na ndoano kubwa za ncha tatu kuraruararua samaki. Lakini dawa mnayo tayari. Kwenye sehemu za Russian zinazovuliwa kwa nzi wa bandia mnadai ndoano moja, uwazi wake usizidi inchi 3/8, na chubwi ikae angalau inchi 18 juu yake. Hayo hupimwa kwa rula kabla samaki hajaumia. Kiwango cha kawaida cha sokai 3 kwa siku nacho huhesabika kwa vidole. Kanuni ya mdomo hufanya kinyume: samaki wa ubavuni, ambaye kwa kuvutwa kombokombo hupigana sana, hurudi mtoni amechoka na ana jeraha, haingii kwenye hesabu, na mvuvi hutupa tena mpaka bahati ipate taya. Kwa nini wasihesabiwe watatu wa kwanza, popote walipochomwa? Mtasema huko ni kuhalalisha unasaji. Huo unafanyika sasa hivi, tena kwa marudio.

Ikiwa pendekezo hili ni zito, basi kitabu cha kanuni cha mwaka ujao kiwekwe mchoro wa kichwa cha sokai, na mstari unaoonyesha mdomo wake unaishia wapi. Nakala moja ibandikwe kwenye mto Russian, chini ya maji, ikielekea mkondo uendako.