Yasiyosemwa Kwenye Simu

Mtu akipata safari ya kwenda kuishi Ulaya huaga kwa ahadi mbili: atatuma pesa na ataandika. Ahadi ya kwanza inafuatiliwa na ukoo mzima, kwa hiyo hutimizwa. Ya pili haina mdai. Mtu ananunua daftari zuri pale Kariakoo, analipakia pamoja na unga wa sembe na dagaa waliofungwa mifuko mitatu ili wasimfedheheshe uwanja wa ndege. Akifika anaandika ukurasa mmoja kuhusu theluji, na kurasa zilizobaki zinaishia kuwa orodha ya vitu vya dukani.

Theluji ndiyo inayotuponza. Ni nyeupe, ni baridi, inaanguka. Umemaliza. Baada ya hapo mwandishi huhamia kwenye makanisa ya kale na madaraja, ambayo watalii wameyapiga picha kiasi kwamba hata asiyewahi kuvuka Chalinze anayajua. Mimi naishi Stuttgart, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji wa Mercedes-Benz na Porsche. Nilipofika nilijiaminisha kwamba makala zangu zitahusu viwanda, maendeleo na nidhamu ya kazi. Niliandika sentensi ya kwanza kuhusu nidhamu ya kazi nikasinzia juu yake.

Mada zilianza kuonekana siku nilipoyasikiliza vizuri mazungumzo yangu na mama. Ni haya, na hayajabadilika tangu nilipoondoka Tanga:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

"Baridi, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Usisahau kusali."

Hapo simu imekwisha, na kila kilichonipata wiki ile kimebaki upande wangu. Kimebaki kwa sababu kinanidhalilisha, au kwa sababu kukieleza kunahitaji nusu saa ya maelezo ya awali, au kwa sababu mama angemwambia shangazi, na shangazi ni redio. Basi nikaona ghala la mwandishi wa ugenini ndilo hilo: yale anayowaficha watu wa kwao.

Chukua habari ya jiko. Ujerumani ukipanga nyumba isiyo na samani, mara nyingi unapewa kuta. Mpangaji aliyetangulia ana haki ya kuondoka na jiko lake, makabati yake, hata sinki ya kuoshea vyombo. Na taa. Darini zinaning'inia nyaya mbili zilizokatwa vizuri, ushahidi kwamba palikuwa na mwanga hapa na umehama. Usiku wa kwanza nilipika ugali kwenye jiko dogo la umeme nililoliweka sakafuni, nikaosha sufuria ndani ya beseni la kuogea, nikiwa nimeishika tochi ya simu kwa meno. Simu hiyohiyo ikaita. Alikuwa mama.

"Nyumba nzuri?"

"Nzuri sana, mama. Kubwa."

Ukubwa wake ulikuwa wa kweli. Nyumba isiyo na kitu ni kubwa siku zote.

Watu wanadhani kuwaficha hivi watu wa kwenu ni jambo jipya, la kizazi cha WhatsApp. Sivyo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886 zinasimulia zaidi Unguja: majumba, sherehe, ndugu zake wasiohesabika. Ujerumani yenyewe, yaani maisha ya kila siku ya mgeni katika nyumba na mitaa ya Wajerumani, aliiandika katika barua za kwenda kwao ambazo hakuzichapisha. Zilitoka miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1924. Binti wa mfalme naye alikuwa na yake ya kunyamazia.

Wengine hawakunyamaza. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901, wakati wengi wetu tunaamini kwamba habari za Ulaya kwa Kiswahili zilianza na binamu yetu aliyekwenda kusomea uhandisi. Na ukitaka kuona kazi hii ilivyo ya zamani, geuza upande: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, pamoja na habari za sultani na makadhi, alieleza wali wa samli na mboga zake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na tangawizi. Kisha akasema mtu mmoja wa pale anakula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na miili yao ni minene kupindukia. Msafiri mkubwa, mwanazuoni, na bado macho yake yalikuwa kwenye sahani ya jirani. Namheshimu sana kwa hilo.

Sasa nirudi Stuttgart, maana hapa ndipo penye utajiri.

Huku kuna zamu ya kufagia inayoitwa Kehrwoche. Kibao kinaangikwa mlangoni kwako, na kikishaangikwa, wiki hiyo ngazi ni zako. Kuna zamu ndogo, ya ngazi za ghorofa yako, na zamu kubwa, ya njia ya nje na ukumbi wa chini. Wenyeji wanakwambia kwa fahari kwamba jambo hili lina mizizi katika kanuni za mji za mwaka 1492, zilizomwamuru kila mkazi atoe uchafu wake kila wiki. Yaani Columbus alipokuwa akihangaika baharini kuitafuta India, mtu wa Stuttgart alikuwa akitafuta fagio.

Kibao kilipoangikwa kwangu kwa mara ya kwanza sikuwa na wasiwasi wowote. Mimi nimelelewa Tanga na bibi aliyetuamsha alfajiri kufagia uwanja wa mchanga mpaka mistari ya fagio ionekane. Ngazi za zege zingenishinda nini? Jumamosi ile kazi ilinichelewesha, nikarudi usiku. Jumapili asubuhi nikatoka na fagio, nikainama kama ipasavyo, nikaanza mlangoni kuelekea nje, huku nikiimba kwa sauti ya chini. Mapazia ya nyumba ya mbele yakasogea. Kisha ya nyumba ya pembeni. Nikadhani ni bidii yangu inayowavutia.

Mama mmoja mtu mzima wa ghorofa ya pili akateremka, amevaa nguo za kanisani, mkoba mkononi. Akasimama ngazi ya tatu.

"Leo ni Jumapili," akasema.

"Ndiyo, mama. Najua."

"Kumbe unajua," akasema, akapita zake.

Hakuna aliyegomba, hakuna aliyenyoosha kidole. Mchana kwenye ubao wa matangazo ukumbini nikakuta kanuni za nyumba zimebandikwa upya, zimechapwa kwa herufi kubwa, na mstari wa Jumapili umepigwa wino wa njano. Ilibidi nisome, na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeingilia jambo zito. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 imerithi kifungu cha Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 kinachoilinda Jumapili iwe siku ya kupumzika. Maduka karibu yote yanafungwa. Kutoboa ukuta hapana. Hata chupa tupu za kioo hutakiwi kuzitumbukiza kwenye mapipa ya mtaani siku hiyo, kwa sababu ya mlio wake. Kwetu Jumapili saa moja asubuhi spika ya kwaya inashindana na ya muuza kanda na ya gari la matangazo ya dawa ya panya, na watoto wanalala fofofo.

Jirani yangu huyo sasa ni rafiki, kwa kiwango anachokiruhusu. Siku moja aliniuliza naandika nini kila jioni dirishani. Nikamwambia: habari za huku, za ngazi, za majirani.

"Zangu pia?"

"Kidogo, mama."

Akafikiri. "Basi andika kwamba kwenye pembe hufagii vizuri."

Nimeandika. Na hapa niseme jambo moja juu ya adabu ya kazi hii. Kuna waandishi wa ugenini ambao kila sentensi yao inaanza na "Wazungu wako hivi." Wanachosha, na mara nyingi wanakosea. Jirani yangu si "Wazungu." Ni Mswabia, mtu wa huku kusini, na Wajerumani wenzake wa kaskazini wanawacheka Waswabia kwa ubahili na kwa mafagio yao tangu zamani. Ukiandika kuhusu mtu mmoja na ngazi moja hutaumbuka.

Si kila kinachokushangaza kinafaa kuandikwa, lakini. Niliwahi kuanza makala ya kusifia mashine za kurudishia chupa. Unaingiza chupa ya plastiki, inaizungusha, inaisoma, inakulipa senti 25 za euro. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, nasifu akili ya watu hawa, nikakumbuka duka la Mangi pale kwetu: huna chupa, huna soda. Tofauti ni kwamba Mangi anakufahamu kwa jina na anakumbuka chupa unayodaiwa tangu Idi ya mwaka juzi. Nikachana kurasa.

Kinachofaa ni pale desturi mbili zinapogongana na kila upande unajiona una adabu. Nilikuwa ndani ya treni ya kwenda Ulm na chapati zangu mbili ndani ya kopo. Mbele yangu alikaa mzee mmoja. Mtu aliyelelewa hawezi kufungua chakula mbele ya mtu mzima akala kimya, basi nikamkaribisha kwa Kijerumani changu kizuri. Nikasubiri jibu ambalo kila mtu wa kwetu analijua: ahsante, nimeshakula, endelea. Mzee akaniangalia.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akachukua. Akala taratibu, kwa makini, akasema ni tamu sana, akaitazama ya pili. Ningefanyaje? Nikamkaribisha tena, naye, kwa kuwa kwao mtu huulizwa swali ili ajibu ukweli, akajibu ukweli. Nilipobaki na kopo tupu akatoa kidaftari mfukoni akaomba nimweleze inavyopikwa. Akaandika yote: unga, mafuta, chumvi, maji ya vuguvugu. Kati yetu wawili, mwandishi alikuwa yeye.

Au siku nilipompongeza mwenzangu wa kazini kwa sikukuu ya kuzaliwa. Ilikuwa kesho yake, nami kesho yake nisingekuwepo, kwa hiyo nikawahi. Ofisi nzima ikanyamaza. Huku kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni nuksi. Watu wa nchi ya Rudolf Diesel, ambao hawakazi skrubu bila kipimo, wamebadilika rangi kwa sababu ya hongera. Mwenzangu akagonga meza ya mbao kwa vidole kuondoa balaa. Nilifurahi mno. Kwa muda wote ule nilikuwa nikijieleza kwao juu ya bibi yangu na mambo ya kutofagia usiku, na kumbe tungeweza kuelewana siku nyingi.

Tatizo kubwa la mwandishi wa ugenini halihusu kukosa mada. Tatizo ni kuzoea. Mwaka wa kwanza kila kitu kinakupiga usoni. Baadaye unakuwa mwenyeji, na mwenyeji haoni kitu. Nililijua hilo mdogo wangu alipokuja kunitembelea. Tulikuwa tunarudi nyumbani usiku wa manane, barabara tupu, hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna hata paka. Taa ya waenda kwa miguu ilikuwa nyekundu, nikasimama. Naye akasimama, kwa heshima. Tukakaa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniangalia mimi.

"Kaka," akasema, "tunamsubiri nani?"

Swali lile lilikuwa makala nzima, na lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye taa ile mara nyingi mno bila kujiuliza. Tangu hapo nawaambia wanaofika wapya: andikeni mapema, hata kama Kijerumani hamjakielewa na nusu ya mnachokiandika si sahihi. Makosa yatasahihishwa, mshangao ukiisha haununuliki.

Nawe msomaji uliye nyumbani, nina ombi. Kama una shangazi Muscat, binamu Minneapolis au kaka Guangzhou, wiki hii akipiga simu usimuulize habari za hali ya hewa. Muulize mara ya mwisho alichekwa kwa sababu gani. Kisha nyamaza, na uwe na bando la kutosha.