Barua ya Wazi kwa Waendesha Usaili: Msituharibie Biashara

Waheshimiwa,

Naandika kwa niaba ya wenye gesti, mama lishe, bodaboda na sisi wa steshenari tulio jirani na kumbi mnazofanyia usaili wa ajira za umma hapa Dodoma. Tumesikia watu wakilalamika kwamba gharama za kuajiri zimeizidi tija ya wanaoajiriwa. Msiwasikilize. Tija ipo, iko kwetu.

Nafasi zikitangazwa, kijana huja kwangu kuskani vyeti. Huenda kwa wakili kugongewa muhuri, akarudi kuskani upya. Jina la kwenye cheti likipishana herufi moja na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, hapo kuna kiapo, nacho hakitolewi bure. Akiitwa kwenye mchujo, hupanda basi kutoka Kasulu au Newala, akalala kwa jirani yangu, na usiku akanunua kwangu kitabu cha maswali yaliyopita. Akipita mchujo, yapo mahojiano ya ana kwa ana. Akifaulu hayo na nafasi zikawa zimejaa, mnamweka kwenye kanzidata. Hiyo kanzidata naipenda mno: haimlipi mtu wala haimkatai, naye huku akisubiri anaomba kwingine, yaani anaendelea kutoa kopi.

Uhodari wenu ni kwamba nauli yake haimo vitabuni mwenu. Posho za wasaili zimo, ukumbi umo, mafuta ya gari yamo. Kilichotoka mfukoni mwa msailiwa hakina kifungu, na ninaomba kisipewe. Mkorofi mmoja akishika kikokotoo tutaumbuka. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596 na maombi 135,027. Tukisie kila mwombaji alitumia shilingi 30,000 tu, kisio la mtu asiyejua bei za gesti zetu. Hizo ni zaidi ya bilioni 4. Gawanya kwa nafasi zilizokuwapo: kila kiti kimekula milioni mbili na nusu kabla aliyekipata hajakikalia. Na hawa wa kodi angalau walikuwa na nafasi zaidi ya elfu. Juni 2014 Uhamiaji waliwakusanya Uwanja wa Taifa watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Bado naumia kwamba siku ile sikuwa na banda la kopi pale Temeke.

Hesabu hizo huzaa swali baya zaidi: aliyepatikana kwa gharama yote hiyo, kazi anaijua? Hapa naomba tusaidiane. Kitabu changu kinauzika kwa sababu wasaili wanapenda kuuliza sheria fulani ilitungwa mwaka gani. Siku mtakapompa mhasibu leja iliyovurugwa na kumwambia aisawazishe, mimi nitafunga duka. Tayari dereva mnamkabidhi usukani na mwandishi mwendesha ofisi mnamkalisha kwenye kompyuta. Watu hao hawanunui kitabu, ni wateja wabaya kabisa, na matokeo yake mmepata madereva wanaojua kuendesha gari. Kasoro hiyo isienee kwa maofisa.

Akishaingia kazini mnamweka majaribio mwaka mzima na kumjazisha PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, tujue amefanya nini na lini. Sina neno. Mtumishi apimwe. Ila asitokee mtu wa kuupima usaili wenyewe, akafukua alama za waliopita miaka mitatu nyuma na kuzilinganisha na kazi wanayofanya leo. Akigundua aliyeongoza ndiye anayeongoza pia kwa kusinzia mezani, tutamjibu nini?

Kinachonikosesha usingizi hasa ni huu mtindo mpya wa kupeleka mchujo mikoani, mwingine kwa kompyuta. Eti kijana wa Kasulu asailiwe Kigoma, alale kwa shangazi yake, ale ugali wa bure! Mmeifikiria gesti yenye vyumba ishirini iliyojengwa kwa mkopo wa benki kwa kuwategemea ninyi?

Kama kupunguza hakuepukiki, basi mchujo uende mikoani lakini vyeti halisi vikaguliwe hapa hapa Dodoma, kila mtu aje mwenyewe na kopi tatu. Tarehe mtutajie sisi mapema kidogo kuliko wasailiwa, tupate nafasi ya kubadilisha bei ukutani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Steshenari