Samaki Wasiotulia Nyumbani

Wageni wanaotujua, wakiingia sebuleni kwetu, hutazama sakafu kwanza ndipo wakae. Wanaogopa kukanyaga samaki. Tuna tangi la kioo pembeni ya kabati, zawadi ya shemeji yangu, na halina mfuniko. Shemeji alituapia kwamba matangi ya kisasa yote yako wazi juu, ili mtu afaidi kuona majani yalivyostawi. Kuhusu samaki kufaidi kutoka, hakugusia.

Wa kwanza kutoroka tulimkuta nyuma ya kabati wakati wa kufagia, amekauka kama dagaa wa Kigoma. Wa pili alichagua saa mbaya zaidi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, anaswali alasiri palepale sebuleni. Nikasikia "pwa!" Kuchungulia, samaki anatapatapa pembeni ya mswala, na mimi nitapitaje mbele ya mtu anayeswali? Mama hakutikisika. Akatoa salamu ya kulia, taratibu. Alipogeuka kushoto, wakakutana macho kwa macho.

"Baba Zuhura," akaita, "hivi hawa samaki mnawapa chakula kweli?"

Nililoweka kiganja kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humvua samaki ule utelezi unaomkinga na maradhi, nikamrudisha majini. Yu hai mpaka leo, na mama mkwe akipiga simu humuulizia yeye kabla yangu.

Majirani walisema tangi lina mambo yake, tuite mtu alisomee. Mimi nikamwita kijana anayeuza samaki wa mapambo. Yeye alisema samaki haruki kwa utundu mtupu. Kinyesi na mabaki ya chakula yakizidi majini, amonia hupanda na kumuunguza matamvua. Hewa ikipungua, anapanda juu kuhema. Mwenzake akimfukuza, anatafuta pa kukimbilia. Na akishtuliwa, hachagui.

La kushtuliwa ndilo letu hasa. Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa inanyamaza, samaki wote wanakusanyika juu wakihema. Ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele za furaha, na taa ya tangi inawamulika ghafla. Siku hizi umeme ukikatika, mtu wa kwanza kuinuka anazima swichi ya ile taa. Ukirudi, tunawasha kwanza ya sebuleni, samaki wazoee, ndipo yao ifuate. Wanangu huamshwa kwenda shule bila heshima hiyo.

Wapo pia wanaoruka kwa asili. Arowana wa Amazon huchupa kutoka majini akawadaka wadudu matawini. Na hapa kwetu, Unguja, yuko samaki mdogo wa rangi za kuvutia, Nothobranchius guentheri kwa jina la kitaalamu alilopewa mwaka 1893, anayeishi kwenye vidimbwi vya mvua. Kiangazi kikikausha kidimbwi, wakubwa wanakufa, mayai yanabaki kwenye udongo yakingoja masika. Jamii yake inajulikana kwa kuruka. Kijana alikuwa tayari kunitafutia jozi. Nikamwambia samaki ambaye ukoo wake haujali ukame, sakafu yangu itamtisha nini?

Basi tukateremsha maji sentimita kadhaa chini ya ukingo, tukaweka na majani yanayoelea, kwa kuwa samaki mwenye kivuli juu yake hutulia. Kuruka kukapungua, hakukuisha. Fundi vioo akatukatia mfuniko, akaacha pengo kwenye kona kwa ajili ya waya na mpira wa hewa. Tangi lote lile, samaki aliyefuata alitokea kwenye hilo pengo.

Hapo jirani akajitokeza na chandarua kipya cha kliniki, bado kimo kwenye mfuko. "Tandaza hiki, baba, umemaliza." Nilikuwa nimeshakishika kijana alipopiga kelele. Chandarua cha namna hiyo kina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ikiingia majini inamaliza samaki upesi kuliko kuruka kwenyewe. Kinachofaa ni wavu wa madirishani, ule mtupu usio na dawa, ukiwambwa kwenye fremu nyepesi: hewa inapita, mwanga unapita, samaki anagonga kichwa na kurudi kwao.

Nikanunua wavu. Mke wangu akasimama mlangoni akinitazama ninavyopima, ninavyokata, ninavyopigilia visumari kimoja kimoja.

"Wavu wa dirisha la chumbani umechanika tangu Ramadhani," akasema. "Kila siku unasema kesho."

Nikamweleza kwamba samaki akitoka anakufa, wakati mbu hawana shida hiyo.

"Kweli," akasema. "Wao shida yao ilikuwa kuingia, na umeshawasaidia."