Bango la Wazee

Kutoka Rongo, Migori, hadi Oyugis, Homa Bay, wauzaji wa bima ya mazishi na dawa za magoti wamegundua wazee. Hongera zao! Bangoni yumo Mzungu mwenye mvi akikimbia ufukweni. Maandishi ni ya kijivu juu ya weupe, masharti madogo kama mayai ya chawa. Chini, kijimraba cha kuskeni, kwa nyanya mwenye simu ya kabambe isiyoweza kuskeni. Lugha? Kiingereza, na Sheng kidogo ya kumchangamsha. Kidholuo na Kikuria vimeachiwa redio. Lakini shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii, za kila mwezi kwa waliotimiza miaka 70, hizo wauzaji wanazijua vizuri. Ndugu mbunifu, kabla hujachapisha, mpe nyanya yako asome kwa sauti. Bila miwani yako.